UZI: Lockheed Martin, kampuni inayouza macho kabla ya kuuza makombora

Wakuu, salaam.

Kila Mmarekani na Muirani wakianza kutunishiana misuli, jukwaa linajaa ubishi ule ule. F-35 ya Mmarekani na Su-57 ya Mrusi nani mbabe? S-400, mtambo wa Mrusi wa kudungua ndege, inamnasa nani? Ndege ipi ina mbio zaidi? Tunabishana utadhani ni Simba na Yanga, kila mtu na jezi yake. Leo naleta uzi wa kampuni yenyewe inayotajwa sana kwenye huo ubishi, Lockheed Martin, maana ukiifuatilia toka mwanzo utaona mbio na mabomu ni sehemu tu ya biashara yao. Kwa miaka sabini hawa jamaa wameuza kitu kimoja kwa sura nyingi: kumwona adui kabla yeye hajakuona. Ndege, kombora, setilaiti, vyote vinarudi hapo hapo.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye bando akae mkao wa kula.

Asili yao kwa ufupi. Mwaka 1912 ndugu wawili wa California, Allan na Malcolm Loughead, walianzisha kampuni ya kuunda ndege za kutua majini. Ikafa. Ikafufuka 1926 kwa jina la Lockheed, ikauzwa, ikafilisika tena wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. 1932 Robert Gross na wenzake wakaiokota kwa dola 40,000. Kampuni hiyo hiyo, baada ya kuungana na Martin Marietta mwaka 1995, ilifanya mauzo ya dola bilioni 71 mwaka 2024. Makao makuu yako Bethesda, Maryland, pua na mdomo na Washington. Unajua kwa nini: mnunuzi wao mkubwa anaishi hapo.

KARAKANA YENYE HARUFU

Mwaka 1943 injinia wao Clarence "Kelly" Johnson alipewa kazi ya kuunda ndege ya kivita ya jeti, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshawatangulia. Akachagua watu wachache, akawafungia kwenye eneo lao Burbank, jirani na kiwanda cha plastiki kilichokuwa kinanuka vibaya mno. Siku 143 baadaye XP-80 ilikuwa imekamilika. Kwa ile harufu wafanyakazi wakapabatiza Skunk Works (skunk ni mnyama anayenuka), na jina likaganda mpaka leo.

Johnson alikuwa na kanuni zake 14. Moja inasema idadi ya watu kwenye mradi ibanwe bila huruma. Nyingine inadai ripoti ziwe chache, ila kazi muhimu iandikwe yote. Zikumbukeni hizo kanuni tutakapofika kwenye F-35.

Kazi iliyowapa heshima ni U-2. Ilipaa mara ya kwanza Agosti 1955 kwenye ziwa lililokauka la Groom Lake, Nevada, pale mnapopaita Area 51. Mnunuzi alikuwa CIA. Wazo lenyewe ni jepesi kulisema: chukua mwili mwembamba, upe mabawa marefu mno, upeleke juu zaidi ya futi 70,000 ambako ndege za kivita za Mrusi na makombora yake ya wakati ule hayafiki, halafu piga picha.

Kuirusha ndiyo shughuli. Huko juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba ukipunguza mwendo kidogo ndege inaporomoka, ukiongeza kidogo inaanza kutikisika na inaweza kuvunjika. Kati ya hivyo viwili rubani ana nafasi ya noti (knots) chache tu za mwendo, kwa saa nane au tisa, akiwa ndani ya suti ya presha. Kabla ya kupaa anavuta oksijeni tupu kama saa nzima ili naitrojeni itoke kwenye damu.

Kutua nako ni sinema. U-2 ina magurudumu ya mbele na nyuma tu, mstari mmoja, na kwa lile kofia la suti rubani haoni vizuri lami iko umbali gani. Kwa hiyo gari linatoka mbio nyuma ya ndege kwenye njia ya kurukia, na humo ndani kuna rubani mwingine wa U-2 anamsomea mwenzake kwa redio: futi kumi, tano, tatu, mbili, mbili, moja. Ndege inagusa chini, inapunguza mwendo, inalalia bawa moja. Mafundi wanakuja wanalinyanyua bawa, wanachomeka vigurudumu vya pembeni, ndipo inavutwa kwenda banda lake. Mpaka leo ndivyo inavyofanyika. Februari 2023, lile puto la Mchina lilipokuwa juu ya Marekani, ni rubani wa U-2 aliyepita juu yake na kupiga picha ambayo Pentagon iliitoa hadharani.

Faida yake ilikuwa nini? Katikati ya miaka ya 1950 Washington ilikuwa na hofu kwamba Mrusi ana ndege nzito za mabomu kuliko wao. U-2 zikapita juu ya viwanja vyake kuanzia Julai 1956, zikakuta hizo ndege si nyingi hivyo. Eisenhower akapata nguvu ya kuwakatalia majenerali wake mabilioni ya dola. Hapo hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa.

Kisha ikaja Mei 1, 1960. Kombora la S-75 likamshusha Francis Gary Powers karibu na Sverdlovsk. Wamarekani, wakidhani rubani kafa, wakatangaza kwamba ni ndege ya NASA ya utafiti wa hali ya hewa imepotea njia. Khrushchev akawaacha waseme mpaka wamalize, halafu akamtoa Powers akiwa hai, na mabaki ya kamera juu. Mkutano wa wakubwa uliokuwa ufanyike Paris ukavunjika. Mimi nikisoma propaganda za vita siku hizi, za upande wowote ule, huwa naikumbuka hiyo hadithi ya ndege ya hali ya hewa.

NDOO ILIYOSHUKA KUTOKA ANGANI

Hapa ndipo utamu ulipo, na wengi hapa jukwaani hawapajui. Wakati U-2 zinaruka, Lockheed walikuwa wanaunda pia chombo cha kuzunguka dunia na kamera. Mradi uliitwa Corona, na kwa wananchi walidanganya kuwa ni wa kisayansi, wakauita Discoverer. Picha za kidijitali hazikuwepo. Filamu ilizungushwa ndani ya setilaiti, ikishapigwa inajikunja kwenye kapsuli, kapsuli inaachiwa, inapenya angahewa kama kimondo, inafungua mwavuli, halafu ndege ya mizigo iliyobeba kulabu nyuma inaikamata ikiwa bado hewani.

Walishindwa zaidi ya mara kumi mfululizo. Roketi zililipuka, kamera zilikwama, kapsuli zilikwenda zinakojua zenyewe. Agosti 19, 1960, karibu na Hawaii, ndege ya C-119 ikaidaka kapsuli ya Discoverer 14. Filamu ile moja ilikuwa na eneo la Urusi kubwa kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa. Siku hiyo hiyo, huko Moscow, mahakama ilikuwa inamsomea Powers hukumu yake. Hukumu imetoka wakati kazi yake imeshapata mrithi asiyehitaji rubani.

Corona iliendelea mpaka 1972 na kuacha picha zaidi ya 800,000. Zilitolewa kwenye siri mwaka 1995.

Inaendelea...

Narudi wakuu, naona maswali yameshakuwa mengi.

Mkuu uliyeuliza habari za SR-71, ndege ya upelelezi: ndiyo, ni hao hao Skunk Works, ilipaa Desemba 1964, na rekodi yake ya Julai 1976 ya kilomita 3,529 kwa saa bado haijavunjwa na ndege nyingine ya jeti yenye rubani. Mwili wake ulikuwa wa titani kwa sababu kwa mwendo ule bati la kawaida linalainika. Marekani haikuwa na madini ya titani ya kutosha, kwa hiyo sehemu yake ilinunuliwa kimya kimya kutoka Urusi kupitia kampuni za kivuli. Mrusi aliuza malighafi ya ndege iliyokuja kumchungulia. Chini uwanjani ilikuwa inavuja mafuta kwa sababu mabati yaliachiwa nafasi ya kutanuka ikipata moto angani. Ziliundwa 32, 12 zikapotea kwa ajali, hakuna hata moja iliyodunguliwa. Lakini kumbuka kazi yake: haikubeba bomu. Ilibeba kamera na rada.

Mkuu mwingine kaandika: "Acha kutupamba, F-117 si Waserbia waliitungua na dude la mwaka 1961?" Waliitungua kweli, na kisa chenyewe ni kizuri kuliko tambo za pande zote mbili.

F-117 ni ndege ya Lockheed ya kukwepa rada. Tuanze na ilikotoka. Mwanafizikia wa Urusi, Pyotr Ufimtsev, mwaka 1962 alichapisha Moscow hesabu za jinsi mawimbi yanavyoakisiwa kwenye kingo za vitu. Wakubwa wake waliona haina siri yoyote ya kijeshi. Kitabu kikatafsiriwa Marekani, na katikati ya miaka ya 1970 Denys Overholser wa Skunk Works akagundua kuwa ukiwa na hesabu hizo unaweza kuchora ndege ambayo rada itaiona ndogo mno. Kompyuta za wakati ule zilimudu nyuso bapa tu, haziwezi kukokotoa mviringo. Ndiyo maana F-117 ina pembe pembe zile. Hayakuwa mapambo.

Ilipaa 1981, ikafichwa jangwani Tonopah ikiruka usiku tu mpaka 1988. Machi 27, 1999, usiku wa nne wa vita ya Kosovo, kikosi cha Waserbia cha makombora ya S-125, ndilo hilo dude la 1961, chini ya Zoltán Dani kikaishusha. Huyu mzee hakuwa na muujiza. Aliwakataza watu wake kuwasha rada ya kulenga zaidi ya sekunde chache, akawahamisha kila mara ili makombora ya Wamarekani yasiwapate, akatumia rada ya zamani ya mawimbi marefu ambayo umbo la F-117 halikuundwa kuikwepa. Na Wamarekani walikuwa wameshajisahau, wanapita njia zile zile usiku baada ya usiku. Mei mwaka huo kikosi hicho hicho kikashusha F-16, ambayo nayo wakati huo ilikuwa mali ya Lockheed. Rubani wake, David Goldfein, aliokolewa, baadaye akawa mkuu wa jeshi la anga la Marekani.

Kwa hiyo ndege ya kukwepa rada haipotei kama jini. Inapunguza umbali ambao rada inaweza kuikamata, basi. Ukiipanga vibaya, mwenye dude la 1961 na akili timamu anakushusha.

F-35 sasa, maana bila hiyo uzi hautaisha salama. Mkataba ulitoka Oktoba 2001. Mwendo wake wa juu ni mara 1.6 ya sauti, F-15 ya miaka ya sabini inaiacha mbali. Wapenda mbio huwa wanacheka hapo. Lakini angalia pesa zimekwenda wapi: kamera sita kuzunguka mwili wa ndege, rada ya mbele, vinasa mawimbi kwenye mabawa, vyote vinaunganishwa kuwa picha moja ndani ya kofia la rubani. Akiangalia chini kati ya miguu yake haoni sakafu, anaona ardhi. Kofia hilo linatengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake na bei yake ni karibu dola 400,000. U-2 ile ile, ila safari hii ina meno.

Na zile kanuni za Johnson? Zimezikwa. Mradi umegawanywa kwa wauzaji wa vipuri kwenye majimbo mengi ya Marekani na nchi washirika, ndiyo maana hakuna mbunge wa kule anayethubutu kuufuta. Wakaguzi wa Bunge lao wanasema gharama ya maisha yake yote imepita dola trilioni 2, na mwezi Machi 2023 walikuta ndege zilizo tayari kwa kazi ni asilimia 55 hivi. Kuanzia Julai 2023, kwa mwaka mzima, Pentagon iligoma kupokea ndege mpya kwa sababu programu yake haijaiva, zikapangwa uwanjani kiwandani Fort Worth. Kwa maoni yangu ni ndege bora na mkataba mbovu, yote mawili kwa wakati mmoja. Mnunuzi naye anakuwa mateka: Uturuki ilitolewa kwenye mradi 2019 kwa kununua S-400, na Falme za Kiarabu zilizokubaliana kununua 50 zikasitisha mazungumzo Desemba 2021 baada ya kuona masharti. Machi 2025 Boeing ndiyo iliyopewa ndege inayofuata, F-47. Lockheed wakatoka patupu.

KWETU HUKU

Mdau kauliza hii kampuni inatuhusu nini Afrika Mashariki. Inatuhusu toka zamani.

Julai 3, 1976, ndege nne za mizigo za Lockheed, C-130 Hercules, zilitoka Israeli, zikapita chini chini juu ya Bahari ya Shamu kukwepa rada, zikatua Entebbe usiku na Mercedes nyeusi ndani ya ya kwanza, ili askari wa Amin wadhani mkubwa wao anarudi. Mateka 102 wa ndege ya abiria iliyotekwa waliokolewa. Zaidi ya kilomita 4,000 kwenda, na kurudi wakajaza mafuta Nairobi, jambo ambalo Wakenya waliokuwa Uganda walililipia kwa damu. Bila ndege inayoweza kubeba magari, kutua gizani na kupaa kwenye uwanja ambao hujui hali yake, mpango ule usingekuwepo. C-130 inaundwa toka 1954 na bado iko kiwandani Marietta, Georgia, zaidi ya 2,500 zimeshatoka. Kigali 1994, Hercules za Canada ndizo zilizoendelea kuingia na kutoka wakati wengine wamekimbia.

Septemba 1, 2014, Ahmed Abdi Godane wa al-Shabaab aliuawa Somalia. Pentagon yenyewe ilisema Hellfire zilitumika. Hellfire ni kombora la Lockheed la kilo hamsini hivi, linafuata doa la leza. Ugumu wote uko kwenye kujua mtu yupo gari gani saa hii. Hapo tena tumerudi kwenye macho.

Ndugu zetu walioko Abu Dhabi watakumbuka Januari 17, 2022, Wahouthi walipopiga mji ule na watu watatu wakafa Musaffah. Siku hiyo mtambo wa THAAD wa Lockheed ulidungua kombora la masafa ya kati kwenye vita halisi kwa mara ya kwanza. THAAD na PAC-3, kombora la Lockheed la mtambo wa Patriot, hazimlipui mwenzake kwa baruti nyingi, zinamgonga kwa mwili. PAC-3 ina vijiroketi 180 puani, vinawaka kimoja kimoja kuisogeza kidogo kidogo sekunde za mwisho. Ndiyo sababu PAC-3 moja ya toleo la MSE inagharimu dola milioni 4 hivi, na ndiyo sababu kila vita ikianza utasikia zimepungua ghalani.

Nani anaiambia PAC-3 kwamba kuna kitu kinakuja? Setilaiti. SBIRS, Lockheed tena, ya kwanza ya kundi la juu ilirushwa 2011, ya sita na ya mwisho 2022. Zinakaa kilomita 36,000 juu, zinatazama dunia kwa miale ya joto. Kombora likiwaka tu popote, moto wake unaonekana. Januari 8, 2020 Iran ilipopiga kambi ya Al Asad, Iraki, kulipiza kisasi cha jenerali wake Soleimani aliyeuawa na Wamarekani, tahadhari ilishatangulia na wanajeshi wa Marekani walikuwa mahandakini. Hakuna aliyekufa, ingawa zaidi ya mia moja waligundulika kuumia ubongo kwa mtikisiko.

Na baadhi ya setilaiti za GPS zinazomwonyesha bodaboda nyumba yako ni kazi ya Lockheed pia, nyingine wameunda Boeing. Jeshi la Marekani ndilo linaloziendesha. Mpaka Mei 2000 walikuwa wanaichafua kwa makusudi ishara ya raia ili ikosee hata mita mia. Clinton akaamuru waache. Saa zilizomo zinakwenda mbele ya saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, jinsi Einstein alivyokokotoa. Zisiporekebishwa, ndani ya siku moja ramani yako inakosea kilomita kumi.

Swali la rushwa: ndiyo, na si ndogo. 1976 seneti ya Marekani ilisikia jinsi Lockheed walivyohonga nje ili wauze ndege. Waziri mkuu wa zamani wa Japani, Kakuei Tanaka, akakamatwa, akatiwa hatiani 1983 kwa yeni milioni 500. Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi alihusishwa na dola milioni 1.1, akavuliwa vyeo vya kijeshi. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya kuhonga maofisa wa kigeni. Sisi wa "chenji ya rada", ingawa ile ilikuwa BAE ya Uingereza, tunaijua hiyo biashara bila kufundishwa. Silaha zina mnunuzi mmoja, bei haiko sokoni, na mkataba una muhuri wa siri. Bara lolote, rangi yoyote, mtu atanyoosha mkono.

Mkuu wa mwisho kauliza kama zile picha za Corona mtu wa kawaida anaweza kuziona. Anaweza. Ingia tovuti ya USGS iitwayo EarthExplorer, fungua akaunti bure, chora eneo kwenye ramani, kisha upande wa data chagua picha za zamani zilizotolewa kwenye siri. Zilizokwisha kuskaniwa unapakua bila kulipa, ila mafaili ni mazito, usijaribu kwa bando la siku. Walilenga zaidi Urusi, China na Mashariki ya Kati, kwa hiyo kama kijiji chenu hakimo, usininunie mimi.